Wakati Uliopita

Katika ofisi yetu ya walimu ipo meza moja ndefu ya mvule ambayo kwa miaka mingi imetumika kwa kazi tatu: kusahihishia madaftari, kunywea chai, na kutolea hukumu. Juu ya meza hiyo tumewahukumu mawaziri, makocha wa mpira, wazazi wasiolipa karo, na watu wa nchi ambazo hakuna hata mmoja wetu aliyepata kuzikanyaga. Kesi huanza saa nne, wakati wa mapumziko, na kengele ikilia hukumu huwa imekwisha kutolewa. Sisemi haya kwa kuwakebehi wenzangu. Mimi mwenyewe nilikuwa hakimu mwenye bidii kupita wengi, na hukumu ninayotaka kuisimulia hapa ilitoka kinywani mwangu.

Hata hivyo sina budi kuanzia mbali, Australia, kwa kuwa huko ndiko kulikotoka kesi iliyopaswa kunifunza, nami nisifunzike.

Mwezi wa Juni mwaka 2012 mwalimu wetu wa jiografia aliingia ofisini na habari aliyoisikia redioni. Mjini Darwin hakimu wa kuchunguza vifo, Bi. Elizabeth Morris, alikuwa ametamka kwamba mtoto mchanga aliyetoweka mwaka 1980 alichukuliwa na kuuawa na mnyama aitwaye dingo. Wazazi wa mtoto walikuwapo mahakamani kuyasikia maneno hayo, miaka 32 baada ya msiba wao. Mwenzetu alitaka kutueleza dingo ni mnyama wa namna gani. Lakini sisi, kama ilivyo desturi ya meza ile, tulitaka kwanza kujua nani alikosea. Basi mjadala ukawaka, ukadumu juma zima. Wenzangu walipoiacha kesi na kurudia mpira, mimi niliendelea kuisoma kwa udadisi, kila nilipopata maandishi yanayoihusu.

Kisa chenyewe ni hiki. Tarehe 17 Agosti 1980 Mchungaji Michael Chamberlain, wa Kanisa la Waadventista Wasabato, na mkewe Lindy walikuwa wamepiga hema katika kambi ya watalii kando ya mwamba mkubwa wa Uluru, katikati ya nyika kavu ya Australia. Walikuwa na watoto watatu: wavulana wawili, na binti wa majuma tisa, jina lake Azaria. Usiku ulipoingia mama alimlaza binti yake hemani, kisha akarudi penye jiko, ambapo watu wazima walikuwa wakipika na kuzungumza. Haukupita muda, kilio cha mtoto kikasikika. Mama alipokimbilia hemani alimwona dingo akitoka. Na ndani, kitanda cha mtoto kilikuwa kitupu. Akapiga ukelele ambao baadaye ulijulikana dunia nzima, kwamba dingo amemchukua mtoto wake. Watu wapatao 300 walitafuta gizani usiku ule. Juma moja baadaye nguo za mtoto zilipatikana kiasi cha kilomita nne kutoka kambini. Mwili wenyewe haukuonekana, wala haujaonekana hadi leo.

Mahali palipokosa maiti pakajaa maneno. Watu wa miji mikubwa, ambao wengi wao hawakupata kumwona dingo ila katika bustani ya wanyama, waliamua kwamba mnyama wa kimo kile hawezi kubeba mtoto. Wengine walimtazama mama katika televisheni, wakaona kwamba halii kama wanavyodhani wao wangelia, wakasema huyo ana siri. Wengine wakasikia kwamba mtoto alipata kuvishwa gauni jeusi. Na wengine, hawa ndio walionishughulisha mimi zaidi, walilishika jina. Yakaenea maneno kwamba Azaria maana yake ni kafara ya jangwani, na kwamba Wasabato ni watu wa siri wanaotoa watoto wao kafara.

Wasomaji wa nchi zetu hawahitaji kuelezwa Wasabato ni akina nani. Ni majirani zetu. Siku ya Jumamosi hawafungui duka, nguruwe hawamli, na kwaya zao ni nzuri kuliko zote. Mezani petu alikuwapo mmoja, mwalimu wa hesabu, mtu mpole asiyependa makuu. Naye aliposikia uvumi ule alicheka hadi chai ikampalia. Akasema, “Basi mimi nina watoto watano nyumbani. Sijui nimechelewa wapi.” Tukacheka sote.

Kisha nikasimama mimi, mwalimu wa lugha, nikatoa darasa. Nilisema kwamba Azaria ni jina la Kiebrania, na kila aliyesoma Kitabu cha Danieli amekwisha kukutana nalo, kwa kuwa ndilo jina la asili la yule kijana ambaye Wababeli walimwita Abednego, mmoja wa wale watatu waliotupwa katika tanuru ya moto wakatoka wazima. Maana yake ni kwamba Mungu amesaidia. Niliwaomba wenzangu waangalie jinsi nchi nzima yenye shule, maktaba na vyuo vikuu ilivyoweza kumshuku mama kwa sababu ya maana ya jina, na hali kamusi ipo. Nilisema kwamba palipo na msiba mwenye lugha anapaswa kuwa wa kwanza kunyamaza, au wa kwanza kusema kweli. Nakumbuka maneno hayo barabara, maana niliyapenda mwenyewe nilipoyasema.

Kisa kile kilinivutia pia kwa neno lile la ukelele. Mama alisema dingo *amemchukua* mtoto. Hivyo ndivyo ninavyoweza kuyafasiri maneno yake kwa uaminifu. Lakini miaka ilivyopita, katika vichekesho na michezo ya televisheni, hasa huko Marekani, ukelele uligeuka ukawa kwamba dingo *alimla* mtoto, na watu waliokuwa hawajui lolote juu ya usiku ule wakawa wanautamka kwa kuchekeshana. Mwalimu yeyote wa Kiswahili ataiona tofauti bila kuonyeshwa. Amemchukua: jambo limetokea na bado linaendelea, mtoto yumo kinywani mwa mnyama, ondokeni mkimbie! Alimla: jambo limekwisha, hakuna wa kukimbia, kaa kitako ucheke. Katika mwaka ule nililifundisha somo la nyakati za kitenzi kwa mfano huo, nami nadhani wanafunzi wangu hawakuusahau.

Yaliyompata mama yule nitayapitia kwa haraka, ingawa yeye hakuyapitia kwa haraka. Uchunguzi wa kwanza, uliomalizika mjini Alice Springs mwezi wa Februari mwaka 1981, ulisema kwamba dingo ndiye aliyemchukua mtoto. Hakimu Denis Barritt aliruhusu hukumu yake itangazwe moja kwa moja katika televisheni, kusudi uvumi ukome. Haukukoma. Mtaalamu kutoka London alikuja na maoni kwamba shingo ya mtoto ilikatwa kwa chombo chenye makali. Gari la familia likapekuliwa, na chini ya dashibodi yake ikapatikana michirizi iliyosemwa kuwa ni damu ya mtoto mchanga. Uchunguzi ukafunguliwa upya. Tarehe 29 Oktoba 1982 jopo la raia 12 mjini Darwin likamwona Lindy kuwa na hatia ya kuua, naye akahukumiwa kifungo cha maisha pamoja na kazi ngumu. Alikuwa mjamzito, alijifungua binti akiwa mfungwa, na mtoto akaondolewa mikononi mwake. Baadaye ilibainika kwamba ile michirizi ya garini ilikuwa dawa iliyopulizwa kiwandani ili kupunguza kelele za gari. Mwaka 1986, katika kumtafuta mtalii mmoja Mwingereza aliyeanguka mwambani akafa, watu waliliona koti dogo la mtoto, karibu na mapango ya dingo, lile ambalo mama alilitaja tangu mwanzo na waendesha mashtaka wakalitilia shaka. Akafunguliwa siku chache baadaye. Mwaka 1988 hukumu zote zikafutwa. Hata hivyo ilibidi ingoje hadi mwaka 2012 ndipo cheti cha kifo cha Azaria kiandikwe sawasawa.

Jambo moja katika habari hiyo nalikawilia. Usiku ule ule na asubuhi yake walikuwapo kambini watu waliojua. Walikuwa wenyeji wa asili wa nchi ile, watu wa Anangu, mafundi wa kusoma nyayo, ambao wazee wao waliishi na dingo tangu zamani zisizohesabika. Walizifuata nyayo kutoka hemani, wakaona mahali ambapo mnyama alikuwa ameuweka mzigo wake chini kisha akauinua tena. Waliyasema hayo. Lakini yalisemwa na watu wasiokuwa na vyeti, wengine kwa lugha isiyokuwa ya mahakama, nayo hayakupewa uzito wake. Tume ya serikali ilipoifufua kesi baadaye, mama mmoja mzee miongoni mwao alitoa ushahidi kwa lugha yake kupitia mkalimani. Mezani petu mwalimu wa historia, ambaye kwao ni Karamoja, alisema jambo ambalo silisahau: kwamba kama mama angesema vile kwao, kwamba fisi amemchukua mtoto, hakuna hata mtu mmoja ambaye angeuliza jina la mtoto lina maana gani. Wangechukua mikuki.

Hayo ndiyo niliyoyajua, tena niliyafundisha. Miaka minne ikapita.

Mwaka 2016, siku ya gulio, mtoto wa kiume wa miaka saba alipotea katika mji wetu. Mji wenyewe ni wa mpakani, mashariki mwa Uganda. Malori hupita usiku na mchana, watu huja na kuondoka, na Kiswahili cha sokoni ndicho kinachowaunganisha wanaotoka huku na wanaotoka huko. Mama yake mtoto alikuwa akiuza dagaa na nyanya. Kama ilivyo desturi alijulikana sokoni kwa jina la mwanawe, mama fulani. Na baada ya siku ile watu walisita, hawakujua wamwite nani. Mimi sitamtaja hapa kwa jina lolote. Alikuwa amemtuma mtoto kwa mwenye kibanda cha pili akachenjishe noti. Mwenye kibanda alisema mtoto hakufika. Kati ya vibanda viwili hivyo ni hatua zisizozidi arobaini. Nimezihesabu mara nyingi.

Siku tatu za kwanza watu walitafuta kwa moyo. Shule yetu ilitoa wanafunzi wa madarasa ya juu, tukapita katika mashamba ya miwa na kandokando ya reli na mto. Siku ya nne tuliketi.

Nikiyafikiria sasa naona kwamba kila mmoja mezani alileta nadharia iliyofanana na somo lake. Mwalimu wa jiografia alisema ni malori: alichora barabara ubaoni, na saa za kufika Mombasa na Juba. Mwalimu wa hesabu alipima dakika. Mwalimu wa sayansi alisema ni mto, akaeleza siku ambazo mwili huchukua hata uelee. Wapo waliosema ni baba yake, ambaye alikuwa ametengana na mama na kuhamia kwingine. Wapo pia waliosema ni kafara. Neno hilo kwetu si mzaha kama lilivyokuwa mzaha tulipozungumza habari za Australia, maana watoto wameuawa kweli katika nchi hii kwa imani hizo, na tangu mwaka 2021 iko sheria yake mahsusi. Mtu akilitaja, mazungumzo hushuka sauti. Nalo likishatajwa, huanza kutafutwa nani aliyemtoa mtoto. Na wa kwanza kufikiriwa, kwa kuwa ndiye aliye karibu, ni mzazi.

Juma la pili mama yule alihojiwa katika redio ya mji wetu. Aliongea kwa Kiswahili, ili watu wa pande zote mbili za mpaka wamsikie. Kiswahili chake kilikuwa kile cha sokoni. Alisema, “Mutoto yangu ilikuwa mupole. Ilikuwa napenda shule.”

Asubuhi yake mwenzangu mmoja aliniuliza mezani, “Mwalimu wa Kiswahili, wewe ulimsikia yule mama. Umeyaonaje maneno yake?” Huenda alitaka tu kuzungumza. Nami ningeweza kujibu kwamba nilisikia mtu aliyefiwa na usingizi. Badala yake nikajibu kama mwalimu. Nilisema kwamba kwa hakika ametumia wakati uliopita. Kwamba mtu anayemtumaini mtoto wake kuwa hai angesema *ni mpole, anapenda shule*. Kwamba kiambishi -li- hufunga mlango ambao -na- huuacha wazi. Nikaongeza, na hapa ndipo penye kosa langu hasa, kwamba ulimi huteleza ukasema lile ambalo moyo unalijua.

Walinyamaza. Nilifurahia kimya kile. Mwalimu asiyekubali kwamba hupata utamu katika kimya cha wasikilizaji wake hasemi kweli.

Maneno yangu yalitoka ofisini kabla ya mimi kutoka. Yalipita kwa mwuza chai, yakafika sokoni saa nane, na yalipofika hayakuwa tena habari ya viambishi. Yalikuwa hivi: mwalimu wa Kiswahili, mtu aliyesomea lugha chuoni, amesema yule mama anajua mtoto wake amekufa. Jioni yalikuwa yamekuwa hivi: mwalimu amesema amemzika. Wateja wakampungukia. Wenzake wa safu ile ya vibanda, waliokuwa wakimpikia uji, wakaanza kumwita kwa mbali. Aliitwa kituoni kuhojiwa upya. Sidai kwamba ni kwa sababu yangu peke yangu, kwa maana walikuwa na sababu zao. Lakini aliyeniletea habari hiyo aliniletea kama mtu anayempongeza mwenzake.

Nilishtuka, ila si kwa namna ya kumfanya mtu atende jambo. Nilijiambia kwamba nilichosema kilikuwa sahihi kwa sarufi, na kwamba matumizi mabaya ya watu wengine hayanihusu. Huenda ningeendelea kujiambia hivyo hadi leo, lau kama nyumbani kwangu dagaa wasingekwisha.

Ilikuwa yapata miezi miwili baadaye. Yeye alikuwa amehama kutoka safu ya katikati, akatandika gunia lake pembeni, karibu na reli, mahali ambapo wanunuzi hupita kwa nadra. Nami sikumtambua hadi nilipokuwa nimeinama mbele ya mafungu yake. Nikauliza bei. Akasema, bila kuniangalia, “Fungu moja ilikuwa elufu mbili.”

Nikadhani nimechelewa. Nikauliza, “Ilikuwa elfu mbili, na sasa je?” Akaniinulia macho kwa mshangao. “Sasa ilikuwa elufu mbili,” akasema, akaligusa fungu kwa kidole. “Hii hapa. Nyanya ilikuwa mia tano.”

Nyanya zilikuwa mbele yetu, nyekundu, zenye vumbi. Akapita mtu akamsalimu, akamjibu kwamba mvua ilikuwa karibu, na kweli wingu lilikuwa limetanda juu yetu. Nilisimama pale na noti mkononi nikimsikiliza jinsi mtu anavyosikiliza simu yenye habari mbaya. Hakuwa na -na-, hakuwa na *ni*, hakuwa na *yuko*. Alikuwa na neno moja, *ilikuwa*, aliloliokota kwa wenye malori na askari na wateja, akalitumia kwa mambo yote yaliyopo duniani: kwa dagaa, kwa mvua, kwa bei, kwa mtoto wake. Kiambishi ambacho juu yake nilijenga hukumu nzima hakikuwamo katika lugha yake hata kidogo. Na hiyo si siri iliyofichika. Mtu yeyote aliyepata kununua nyanya kwake aliijua. Sokoni pale ilijulikana kwa kila mtu, kama nyayo za dingo zilivyojulikana kwa wasoma nyayo. Na aliyekuja na cheti akapewa kusemea.

Kesho yake nilisimama mezani nikaeleza. Nilieleza kwa urefu, kwa mifano, nikasema nilikosea. Walinisikiliza kwa adabu. Mwenzangu mmoja akasema, “Mwalimu, una huruma sana.” Mwingine akasema kwamba hata hivyo, nadharia ya kwanza ilikuwa na mantiki yake. Mwalimu wa hesabu peke yake hakusema neno. Alipokuwa akitoka aliniwekea mkono begani, akaniuliza kwa sauti ya chini, “Azaria, sivyo?” Nikaitikia kwa kichwa.

Nilikwenda kwa mwuza chai pia, nikaeleza. Nikaenda redioni, wakanipa dakika tatu katika kipindi cha lugha, kati ya tangazo la saruji na salamu za wasikilizaji. Sijui nani alisikia. Neno la kwanza lilikwenda lenyewe bila kusindikizwa. Hili la pili nililibeba mgongoni nyumba kwa nyumba, na kila mlango niliobisha nilikuta lile la kwanza limeketi ndani linakunywa chai. Hata sasa, mtaani, wapo wanaosema kwamba yule mama anajua. Hata Australia, baada ya mahakama kutamka na cheti kuandikwa, wapo waliobaki na mkasi wao na gauni lao jeusi.

Kumwendea mwenyewe kulinichukua muda mrefu kuliko yote hayo. Nilikwenda siku isiyokuwa ya gulio. Nilisema, “Mama, mimi ni yule mwalimu.” Akasema anajua. Nikaanza kuomba radhi, nikaanza pia, Mungu anisamehe, kueleza juu ya viambishi. Alinikatiza. Aliniuliza kama mimi ndiye ninayejua kuandika Kiswahili kile cha karatasi, kile ambacho polisi wa ng'ambo ya pili hukisoma bila kucheka. Nikasema ndiyo. Akatoa kwenye kanga picha ndogo ya pasipoti, ile iliyopigwa mtoto alipoandikishwa shule, akaniomba nimwandikie tangazo.

Niliandika kwa mkono, kwa herufi kubwa, kisha nikalipiga chapa shuleni. Sijapata kuandika insha kwa uangalifu kama huo. Anaitwa fulani. Ana umri wa miaka saba. Ana kovu dogo juu ya jicho la kushoto. Anapenda shule. Ni mpole. Nilimsomea neno kwa neno. Nilipofika mwisho aliomba nirudie lile la upole, nikarudia, akalijaribu mdomoni mwake polepole: ni mupole.

Tangu hapo huja kila mwaka, mwezi ule ule. Huleta ile picha, ambayo sasa pembe zake zimelika, na pesa ya karatasi ambayo mimi siichukui na yeye huiacha mezani. Hatuzungumzi sana. Mimi hufungua tangazo la mwaka uliopita, nabadilisha tarakimu moja, nalipiga chapa nakala arobaini, naye huvuka nazo hadi vituo vya malori upande wa Kenya na kuzibandika. Mwaka 2025 nilipokuwa nikiandika umri alinizuia mkono. Alikuwa amehesabu mwenyewe kwa vidole, na alitaka kuhakikisha. “Kumi na sita,” akasema. Nikamwambia ndiyo, mama, ana miaka kumi na sita. Kisha akasema picha hii haifai tena, maana kijana wa miaka kumi na sita ana ndevu za kwanza, na watu wanamtafuta mtoto. Aliniuliza kama katika shule yetu yuko mwalimu wa kuchora.